Kuanza Kutumia Mashine ya Ovaloki: Mambo ya Kuzingatia Kabla Kisu Hakijagusa Kitambaa

Ushonaji wa nguo ni miongoni mwa shughuli zinazowapatia kipato wananchi wengi, mijini na vijijini. Fundi mwenye cherehani ya kawaida anaweza kushona gauni, suruali au sare ya shule, lakini nyuzi za kitambaa zitaendelea kuchomoka katika kingo za ndani iwapo kingo hizo hazitafungwa. Kazi hiyo ya kufunga kingo ndiyo hufanywa na mashine ya ovaloki. Mafundi wengi wasio na mashine hiyo hulazimika kupeleka nguo kwa mwenzao aliye nayo na kulipia huduma hiyo kwa kila nguo. Kwa sababu hiyo, ovaloki huwa miongoni mwa mashine za mwanzo ambazo fundi hutamani kununua baada ya cherehani.

Hata hivyo, ovaloki haijifunzwi kama cherehani. Fundi akikosea kwa cherehani hufumua mshono na kuurudia, na kitambaa hubaki kama kilivyokuwa. Ovaloki ina kisu, nacho hukata kitambaa kabla uzi haujakifikia. Mshono wake unaweza kufumuliwa, lakini sehemu iliyokatwa hairudi. Kwa kuwa kitambaa hicho mara nyingi ni mali ya mteja, anayeanza anapaswa kuijua mashine kwa utaratibu kabla ya kuipeleka katika nguo ya mtu.

Ovaloki ni mashine ya namna gani

Ovaloki hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hukata ukingo wa kitambaa ili uwe sawasawa, kisha huuzungushia nyuzi ili usichanike. Baadhi ya aina zake huunganisha pia vipande viwili vya nguo kwa mshono imara katika mpito huohuo.

Asili ya mashine hii ni kiwanda cha familia ya Merrow katika jimbo la Connecticut, Marekani, ambako mashine za kwanza za aina hii zilibuniwa mwaka 1881 kwa ajili ya kumalizia kingo za nguo za kufuma. Kwa miongo mingi zilibaki kuwa mashine za viwandani, hadi miaka ya 1960, ambapo wahandisi wa Japani walitengeneza aina ndogo inayofaa matumizi ya nyumbani.

Tofauti kubwa kati ya ovaloki na cherehani ni kwamba ovaloki haina bobini. Badala yake ina lupa mbili, yaani vyuma viwili vilivyopinda ambavyo hubeba uzi pasipo kupenya kitambaa. Lupa ya juu hulaza uzi upande wa juu wa ukingo, lupa ya chini hulaza uzi upande wa chini, na nyuzi hizo mbili hukutana pembeni kabisa mwa kitambaa. Uzi wa sindano ndio unaozishikilia nyuzi hizo katika kitambaa.

Idadi ya nyuzi huonyesha kazi ambayo mashine inaweza kufanya. Ovaloki ya nyuzi 3 ina sindano 1 na lupa 2, na kazi yake kubwa ni kufunga kingo. Ovaloki ya nyuzi 4 ina sindano 2, hivyo inafaa kuunganisha nguo za kuvutika kama fulana. Ovaloki ya nyuzi 5 hushona mshono wa kuunganisha na wa kufunga ukingo kwa pamoja, na hutumika zaidi katika viwanda na karakana zenye kazi nyingi.

Kuchagua mashine inayomfaa anayeanza

Ovaloki za viwandani huweza kushona mishono 5,000 au zaidi kwa dakika, wakati nyingi za nyumbani huishia kati ya mishono 1,300 na 1,500. Kasi hiyo ni faida kwa fundi mzoefu na ni hatari kwa anayeanza. Iwapo mashine ya kiwandani ndiyo inayopatikana, ni vyema ifungwe mota ya servo, ambayo huzunguka pale tu pedali inapokanyagwa na ambayo kasi yake ya juu inaweza kupunguzwa. Mota za zamani za klachi huzunguka muda wote zikiwa zimewashwa, na huhitaji mguu uliozoea.

Anayenunua mashine iliyotumika kutoka nje ya nchi anashauriwa kusoma kwanza kibandiko cha mota. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, wakati mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na za Marekani takriban volti 120. Mashine hizo zikichomekwa moja kwa moja ukutani, mota huungua. Mnunuzi akiipenda mashine ya aina hiyo, ajumlishe katika bei yake gharama ya transfoma au ya kubadilisha mota.

Jambo jingine la kuhesabu ni uzi. Mshono ulionyooka wa cherehani hutumia chini ya mita 3 za uzi kwa kila mita 1 ya mshono, lakini ovaloki ya nyuzi 3 hutumia zaidi ya mita 10. Fundi anayepanga bei ya huduma bila kuzingatia tofauti hiyo huweza kupata wateja wengi na asione faida. Ndiyo maana uzi wa ovaloki huuzwa katika koni kubwa, na kwa kawaida huwa mwembamba kuliko uzi wa cherehani.

Kupitisha uzi kwa mpangilio

Wengi wanaoanza hukatishwa tamaa na hatua hii, kwa kuwa njia za uzi ni nyingi na nyingine zimejificha nyuma ya mlango wa mashine. Mashine nyingi huwa na rangi au namba zinazoonyesha njia ya kila uzi, na kitabu chake huwa na mchoro. Pamoja na tofauti za mashine, kanuni moja hutumika kwa nyingi: lupa ya juu hutangulia, lupa ya chini hufuata, na sindano huwa ya mwisho.

Mpangilio huo una sababu. Iwapo uzi wa lupa ya chini utapitishwa wakati sindano tayari ina uzi, nyuzi hizo hukatizana chini ya bamba la sindano, na uzi wa lupa hukatika mara tu mashine inapoanza kushona. Fundi asiyeijua sababu hiyo hupitisha uzi uleule mara tatu au nne, na kila mara hukatika. Hivyo basi, uzi wa lupa ya chini unapokatika katikati ya kazi, uzi wa sindano uondolewe kwanza, lupa ipitishwe uzi, kisha sindano irudiwe.

Kabla ya kuanza, mguu wa kukandamizia kitambaa unyanyuliwe. Katika mashine nyingi za nyumbani, kunyanyua mguu huo hufungua visahani vya mkazo, na uzi huingia katikati yake ipasavyo. Baada ya kumaliza, gurudumu la mkono lizungushwe polepole kwa kufuata uelekeo wa mshale uliopo kwenye mashine, hadi nyuzi zifungamane na kutengeneza mnyororo mfupi usio na kitambaa. Mnyororo huo ukitoka vizuri, mashine iko tayari.

Fundi anapotaka kubadilisha rangi tu, halazimiki kurudia kazi yote. Hukata uzi wa zamani karibu na koni, huufunga kwa fundo dogo na uzi mpya, hulegeza mkazo, kisha huvuta taratibu hadi fundo lipite kwenye lupa. Kwa upande wa sindano, fundo hukatwa kabla ya kufika kwenye tundu lake, kwa kuwa haliwezi kupenya, na uzi mpya hutungwa kwa mkono.

Mazoezi ya siku za kwanza

Vifaa bora vya kujifunzia ni mabaki ya kitambaa na koni za uzi wa rangi tofauti, kila koni ikiwa na njia yake. Rangi hizo humwezesha mwanafunzi kuona uzi upi ni wa sindano na upi ni wa lupa, na hivyo kujua mahali pa kurekebisha pindi mshono unapoharibika.

Zoezi la kwanza ni mstari ulionyooka. Mwanafunzi huchora mstari kwa chaki kwenye kitambaa na kuhakikisha kisu kinapita juu ya mstari huo mwanzo hadi mwisho. Macho yanapaswa kutazama kisu, tofauti na mazoea ya cherehani ambapo wengi hutazama sindano, kwa sababu kisu hufika kwanza. Mikono huongoza kitambaa tu. Kazi ya kukisukuma hufanywa na meno ya mashine. Kitambaa kikivutwa kwa nguvu, sindano hupinda na huweza kugonga lupa.

Zoezi la pili ni mwanzo na mwisho wa mshono. Ovaloki haina mshono wa kurudi nyuma kama cherehani. Fundi humaliza kwa kuendelea kushona nje ya kitambaa hadi mnyororo ufikie takriban sentimita 10, kisha hukata. Mkia huo huingizwa ndani ya mshono kwa sindano kubwa ya mkono, au huachwa iwapo mshono mwingine utapita juu yake na kuufunga.

Zoezi la tatu ni pembe na mizunguko. Katika pembe ya nje, njia rahisi kwa anayeanza ni kushona hadi nje ya kitambaa, kukigeuza, na kuanza upande wa pili. Katika mzunguko wa ndani, kama wa shingo au kwapa, kitambaa hunyooshwa polepole mbele ya mguu ili ukingo ukifikie kisu ukiwa kama mstari. Hapa ndipo mikunjo ya nguo huweza kuingia chini ya kisu na kukatwa bila fundi kutambua. Kwa hiyo, kabla ya kukanyaga pedali, mkono wa kushoto upitishwe chini na juu ya kitambaa kuhakikisha ni tabaka zinazotakiwa pekee zilizo mbele ya kisu.

Kuusoma mshono

Fundi mzuri wa ovaloki hutambua tatizo kwa kuutazama mshono. Mshono uliokaa sawa huwa na uzi wa lupa ya juu upande wa juu, uzi wa lupa ya chini upande wa chini, na makutano yake pembeni kabisa mwa kitambaa.

Uzi wa lupa ya juu ukivutwa hadi upande wa chini, mkazo wake umelegea au ule wa lupa ya chini umezidi. Uzi wa lupa ya chini ukionekana juu, hali ni kinyume chake. Vipande viwili vilivyounganishwa vikivutwa pande mbili na nyuzi zikaonekana kama ngazi katikati, uzi wa sindano umelegea. Ukingo ukijikunja ndani ya mshono, kitambaa kilichoachwa na kisu ni kipana mno au mikazo ya lupa imekaza kupita kiasi. Nyuzi zikining'inia nje ya ukingo, kitambaa kimekatwa kwa ndani mno au lupa zimelegea.

Marekebisho yafanywe kwa uzi mmoja kwa wakati, kwa kiasi kidogo, na kujaribiwa kwenye kipande cha kitambaa kilekile kitakachoshonwa. Anayezungusha mikazo yote kwa pamoja hupoteza mahali alipoanzia.

Tatizo jingine huonekana katika vitambaa vya kuvutika, ambapo ukingo hutoka ukiwa na mawimbi. Ovaloki nyingi zina meno ya mbele na ya nyuma yanayoweza kwenda kwa kasi tofauti. Katika namba 1, kasi huwa sawa. Kwa kitambaa cha kuvutika, namba hupandishwa kuelekea 2 ili meno ya mbele yaingize kitambaa kingi zaidi na mawimbi yaondoke. Kwa kitambaa chepesi kinachojikusanya, kama shifoni, namba hushushwa chini ya 1. Urefu wa mshono wa milimita 2.5 hufaa vitambaa vingi vya kawaida.

Sare za shule na akiba ya mshono

Eneo ambalo kosa la ovaloki humgusa mwananchi moja kwa moja ni sare za shule. Mzazi hununua sare akitarajia mtoto aivae kwa muda mrefu, na mara nyingi humwomba fundi aache akiba ya kitambaa ubavuni, kiunoni na kwenye pindo ili nguo iweze kuongezwa mtoto anapokua. Ovaloki iliyotumiwa bila kufikiri hukata akiba hiyo yote. Nguo hutoka ikiwa safi na nadhifu, lakini mwaka unaofuata haiwezi kuongezwa, na mzazi hulazimika kununua nyingine.

Utaratibu unaolinda akiba hiyo ni rahisi. Vitambaa visivyovutika, kama tetroni, hufungwa kingo kipande kimoja kimoja kabla ya kuunganishwa, huku kisu kikipunguza nyuzi zilizochomoza tu. Baada ya hapo vipande huunganishwa kwa cherehani kwa mshono ulionyooka, na akiba hufunguliwa na kulazwa kila upande kwa pasi. Nguo ikihitaji kuongezwa, mshono wa cherehani hufumuliwa na kingo zilizofungwa hubaki salama.

Vilevile, mshono wa nyuzi 3 peke yake hautoshi kubeba sehemu zenye mvutano mkubwa katika vitambaa hivyo, hususan mapajani mwa suruali na kwenye makwapa ya shati. Sehemu hizo ziunganishwe kwa cherehani, na ovaloki itumike kufunga ukingo.

Usalama na matunzo

Pini zote ziondolewe kabla ya kufika kwenye kisu. Pini ikikatwa huharibu kisu, na kipande chake huweza kuruka na kumjeruhi mtu machoni. Vidole visipite mbele ya kinga ya kisu, nywele ndefu na mitandio vifungwe, na mashine izimwe kabla ya kubadilisha sindano au kupitisha uzi. Watoto wasiruhusiwe kuchezea pedali.

Ovaloki hutoa vumbi jingi la nyuzi kwa sababu hukata muda wote. Vumbi hilo lisafishwe kwa brashi kila baada ya kazi, kwa kuwa likijaa hunyonya mafuta na kuzuia lupa. Mashine ilainishwe kwa mafuta meupe ya cherehani pekee. Mafuta ya kupikia huganda, na oili ya gari huchafua kitambaa. Sindano ibadilishwe mara tu inapopinda au kuwa butu, kwa kutumia aina iliyoelekezwa kwenye kitabu cha mashine, kwa sababu sindano za ovaloki na za cherehani haziingiliani wakati wote. Kisu kinachotafuna kitambaa badala ya kukikata kinolewe au kibadilishwe.

Mahali pa kujifunzia na kupata mtaji

Mafunzo ya ushonaji hutolewa katika vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Kwa fundi aliyejifunzia mtaani, VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao humwezesha kupimwa na kutunukiwa cheti bila kuanza masomo upya.

Kwa upande wa mtaji, halmashauri hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanaokusudia kununua ovaloki kwa utaratibu huo wanashauriwa kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ili kupata maelekezo ya usajili wa kikundi na maombi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, nalo hutoa mafunzo na ushauri kwa wajasiriamali wadogo.

Kikundi kinachonunua ovaloki moja kinapaswa kukubaliana mapema ni nani atakayeitumia na nani atakayeitunza, kwa kuwa mashine inayobadilishwa mikazo na kila mkono hukosa mshono mzuri kwa wote. Aidha, fundi anayepokea nguo za mafundi wenzake ajiwekee utaratibu wa kuuliza kabla ya kukata: akiba ibaki kiasi gani, na kingo zifungwe kipande kimoja kimoja au kwa pamoja. Jibu la swali hilo liandikwe kwa chaki upande wa ndani wa nguo, mahali ambapo kisu kitapita.